Programu ya Urubani kutoka Mkononi hadi Mezani: Nomino Zidumu, Vitenzi Vibadilike

Katika mijadala ya istilahi tumezoea kuuliza swali moja: neno hili la kigeni tulitafsirije? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Kuna swali la pili ambalo aghalabu hatuliulizi, nalo ni hili: atakayelisoma neno hilo atakuwa wapi, na atakuwa akifanya nini? Makala hii yakusudia kuonyesha uzito wa swali la pili kwa kuchunguza programu moja ya kompyuta ambayo ilitungwa ili ishikwe mkononi na rubani aliye angani, kisha ikarekebishwa ili itumike pia mezani, na mtu anayepanga safari ambayo bado haijaanza.

PROGRAMU YENYEWE

Programu tunayoichukua kuwa mfano yaitwa XCSoar. Ni ya marubani wa ndege zisizo na injini, yaani zile ambazo huvutwa hadi angani kwa kamba au kwa ndege nyingine, kisha huachwa zielee kwa kutegemea hewa ya joto inayopanda. Hapo mwanzo iliuzwa kama bidhaa yoyote ya biashara, na iliendeshwa katika vikompyuta vya kiganjani vilivyotumia mfumo wa Windows CE. Mwaka 2005 ilitolewa kwa umma chini ya leseni huru ya GPL, na tangu hapo imeendelezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Leo yaendeshwa katika simu na vishikwambi vya Android, katika vifaa vya kusomea vitabu vya aina ya Kobo, na katika kompyuta za mezani za Windows na Linux.

Ikiwa angani, programu hii hupokea habari kutoka setilaiti, ikamwonyesha rubani mahali alipo, upepo unakotoka, na kama ataweza kufika anakokwenda kabla ya kuishiwa na kimo. Ikiwa mezani hakuna habari ya setilaiti. Mtumiaji akiifungua huulizwa kama anaruka au anaigiza. Akichagua kuigiza, aweza kuiburuta picha ya ndege juu ya ramani, kuzipanga nukta atakazozipitia, kupima masafa, kisha kulihifadhi faili la mpango wake na kulihamishia katika kifaa atakachoingia nacho ndegeni.

Jambo la kusifiwa ni kwamba warekebishaji hawakutunga programu ya pili kwa ajili ya mezani. Waliichukua ileile, pamoja na ramani zake na lebo zake, wakaifanya iendeshwe penginepo. Kwa hiyo rubani aliyepanga safari yake usiku hakuti kitu kigeni asubuhi. Lakini dosari yatoka katika sifa hiyo hiyo. Kila neno lililoandikwa kwa ajili ya mtu anayeruka sasa husomwa pia na mtu aliyekaa kitini. Kiingereza hustahimili hali hii bila taabu kubwa, kwa kuwa lebo zake aghalabu ni nomino tupu zisizoonyesha wakati wala mtenda. Kiswahili hakiwezi kujificha hivyo kwa muda mrefu. Mara tu tunapotoka katika nomino na kuingia katika sentensi, kitenzi chetu chadai kujua ni nani atendaye, na kama atenda, atatenda au angetenda.

FAILI LA MFASIRI

Mfasiri wa programu za namna hii, mara nyingi, haioni programu yenyewe, huona faili. Katika faili hilo kila fungu la maneno ya Kiingereza limeandikwa, na chini yake pana nafasi tupu ya kutia tafsiri. Neno likiwa limetumika mahali patano katika programu, kwa kawaida hutokea mara moja tu katika faili, na tafsiri yake moja hupelekwa kote. Mfumo wa gettext, ambao hutumiwa na XCSoar na programu nyingine nyingi za leseni huru, una nafasi ya kutaja muktadha ili kutenganisha matumizi mawili ya neno moja. Hata hivyo nafasi hiyo hujazwa na mtunga programu. Asipoijaza, mfasiri hana la kufanya ila kukisia.

Wasomaji wetu watautambua mtindo huu, kwa maana ni ndugu wa orodha zetu za safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa katika miaka ya 1970 viliwafaa watumishi wa serikali waliotakiwa kuandika barua, ripoti na vibao vya ofisi kwa Kiswahili, wala hatukusudii kuvibeza. Tunachosema ni kwamba orodha hufanya kazi yake vizuri pale ambapo kitu na mahali pake havibadiliki. Kabati la majalada ni kabati lilelile leo na kesho. Safari ya ndege si kitu kimoja kabla ya kuanza na baada ya kuanza.

DHANA NNE CHINI YA NENO MOJA

Tuchukue mfano ulio mzito kuliko yote. Sayansi ya kuongoza vyombo ina dhana nne zinazokaribiana. Ya kwanza ni mstari ambao rubani amekusudia kuufuata juu ya ardhi. Waingereza huuita ‘course’. Ya pili ni upande ambako pua ya ndege imeelekezwa, nao ni ‘heading’. Ya tatu ni upande ambao ndege yauendea kwa kweli juu ya ardhi baada ya kusukumwa na upepo, nao ni ‘track’. Ya nne ni upande wa mahali fulani ukipimwa kutoka pale ndege ilipo, nao ni ‘bearing’. Zote nne hupimwa kwa digrii kuanzia kaskazini, na zote nne twaweza kuziita ‘mwelekeo’ bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Hapo ndipo penye hatari.

Tuseme rubani wa ndege ndogo, yenye kasi ya maili 100 za baharini kwa saa, ataka kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam. Njia iliyonyooka ni kiasi cha kilomita 390, yaani maili 210 za baharini, kuelekea magharibi na kidogo kaskazini, karibu digrii 282. Tuseme tena kwamba upepo wa kusini wampiga ubavuni, upande wa kushoto, kwa kasi ya maili 20 kwa saa. Akiandikiwa kwamba ‘mwelekeo’ ni digrii 282, naye akaielekeza pua ya ndege huko huko bila kurekebisha, baada ya saa mbili upepo utakuwa umemsukuma maili 40, yaani kilomita 74, kaskazini ya njia yake. Ili abaki juu ya mstari alioukusudia, alipaswa kuigeuza pua kiasi cha digrii 11 au 12 kushoto, kuuelekea upepo. Namba aliyopewa ilikuwa sahihi. Neno lililoibeba ndilo lililomdanganya.

Sasa tuitazame programu ikiwa mezani. Dhana ya kwanza ipo, kwa sababu hupimwa katika ramani. Ya nne ipo pia. Ya pili huweza kukokotolewa tu, kwa kutumia utabiri wa upepo. Ya tatu haipo kabisa, maana hakuna ndege inayokwenda. Namba yoyote inayoonekana hapo ni ya mwigo. Mfasiri aliyetumia neno ‘mwelekeo’ kwa zote nne amemnyima mpanga safari njia ya kujua ni namba ipi aliyoipima, ipi aliyoikisia, na ipi ambayo haina maana mpaka ndege iruke.

Je, Kiswahili hakina maneno? Kinayo. Neno ‘rubani’ lenyewe lilitoka baharini: alikuwa mtu aliyeijua njia ya maji na kukiongoza chombo, kabla hatujalipeleka angani. Mabaharia wa pwani walikuwa pia na neno ‘majira’ kwa maana ya njia ambayo chombo hushikishwa kwa dira, na kamusi za zamani zinalo. Walisema ‘pepo za omo’ kwa upepo unaokikabili chombo kwa mbele, na ‘upepo wa tezi’ kwa ule unaokisukuma kutoka nyuma. Mambo haya rubani wa leo huyahesabu kila siku, na mara nyingi tumemfasiria kwa maelezo marefu yasiyoingia katika lebo ya skrini.

Tunapendekeza basi ‘majira’ kwa mstari uliokusudiwa, ‘uelekeo wa pua’ kwa upande wa pua ya ndege, ‘mapito’ kwa upande ambao ndege yauendea kweli, na ‘uelekeo wa lengo’ kwa upande wa mahali panapotafutwa. Twajua pingamizi litakalotolewa, kwamba ‘majira’ leo hueleweka zaidi kuwa kipindi cha mwaka au wakati. Pingamizi hilo si dogo, kwa sababu skrini hiyo hiyo huonyesha pia nyakati. Twalijibu kwa kusema kwamba wakati katika kazi hii hutajwa kwa neno ‘saa’, na kwamba namba ya digrii inayofuata ‘majira’ haitaacha shaka. Lakini ikiwa walimu watakaolijaribu neno hili darasani wataona wanafunzi wanajikwaa, ‘njia iliyokusudiwa’ itafaa, ingawa ni ndefu. Lisilofaa ni kurudi katika ‘mwelekeo’.

KITUO, KIMO NA MWINUKO

Mfano wa pili ni ile nukta iliyotiwa katika ramani ili rubani aipitie. Jibu linalomjia mfasiri haraka ni ‘kituo’, kwa kufuata desturi ya mabasi na reli. Lakini kituo chatokana na kutua, na ndege ndiyo chombo ambacho kwacho kitenzi ‘kutua’ kina maana iliyo wazi kuliko vyote. Kumwambia rubani kwamba safari yake ina vituo sita ni kumwambia atatua mara sita, ilhali nukta hizo nyingine ziko juu ya mlima au katikati ya ziwa. Kwa mpanga safari aliye mezani kosa hilo lagusa pia mafuta, muda na hesabu ya ada za viwanja. Tunapendekeza ‘nukta ya njia’, na neno ‘kituo’ liachiwe viwanja ambavyo ndege itatua kweli.

Mfano wa tatu wahusu kwenda juu. Urefu kutoka usawa wa bahari si sawa na urefu kutoka ardhi iliyo chini ya ndege, nasi tumezoea kusema ‘urefu’ kwa vyote viwili. Mji wa Dodoma uko karibu mita 1,120, yaani futi 3,670 hivi, juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyo futi 5,000 kutoka usawa wa bahari ikifika juu ya Dodoma imebakiwa na futi kama 1,300 tu kutoka ardhini. Aliyeipanga safari hiyo akiwa Dar es Salaam, ambako bahari na ardhi zakaribia kuwa sawa, huenda asiione tofauti hiyo mpaka ndege ifike bara. Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa: ‘mwinuko’ kwa urefu kutoka usawa wa bahari, kama jiografia inavyofundishwa shuleni, na ‘kimo’ kwa urefu kutoka ardhini, kwa kuwa kimo cha mtu au cha mti hupimwa kutoka pale kiliposimama. Maneno haya hayahitaji kubuniwa. Yahitaji kugawiwa kazi na kuachwa kila moja katika kazi yake.

SAA

Kuna neno moja ambalo hakuna mfasiri anayelitilia shaka, nalo ni ‘saa’. Usafiri wa anga duniani hutumia saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nasi, kwa desturi yetu, huhesabu saa za mchana tangu kuchomoza jua, na za usiku tangu kutua kwake. Kwa hiyo skrini ikionyesha 06:00, kuna njia tatu za kuisoma. Aliyezoea kutafsiri saa ya ukutani atasema ni saa kumi na mbili asubuhi. Aliyeitamka namba kama alivyoiona atasema saa sita, na msikilizaji atadhani ni adhuhuri. Lakini ikiwa namba hiyo ni ya saa za ulimwengu, ukweli wake ni saa tatu asubuhi ya Dodoma.

Rubani aliye angani hana tatizo kubwa hapa, kwa kuwa amefunzwa kwa saa za ulimwengu na saa yake imetegwa hivyo. Tatizo ni la mezani, ambako mpanga safari huzungumza na mwenye gari la mafuta, na mlinzi wa kiwanja, na abiria, na wote hao hutumia saa za Kiswahili. Dawa yake si kulibadili neno ‘saa’. Dawa ni kutokubali kamwe lebo ya saa isiyo na nyongeza: ama ‘saa za ulimwengu’, ama ‘saa za hapa’.

VITENZI

Mpaka hapa tumezungumza juu ya nomino, na msimamo wetu ni kwamba nomino moja ishike dhana moja, angani na mezani vilevile. Majira yaliyopangwa usiku ni majira yaleyale yatakayofuatwa asubuhi, na rubani hapaswi kulitafuta neno jipya wakati mikono yake ina kazi nyingine. Wako watakaopenda kutunga istilahi za mezani mbali na za ndegeni, ili kila mahali pawe na ufasaha wake. Hilo hatuliungi mkono, maana litauvunja uhusiano ambao warekebishaji wa programu walifanya vizuri kuuhifadhi.

Vitenzi ni jambo jingine. Programu huonyesha kimo ambacho ndege itakuwa nacho ifikapo mwisho wa safari. Angani sentensi sahihi ni: “Utafika ukiwa na kimo cha mita 200.” Hiyo ni ahadi iliyojengwa juu ya upepo unaovuma sasa. Mezani sentensi hiyo ni ya uongo, kwa sababu hakuna anayekwenda popote. Sentensi sahihi ni: “Ungefika ukiwa na kimo cha mita 200.” Kiambishi -nge- chamkumbusha msomaji kwamba kuna sharti: lau upepo ungekuwa hivi, na lau ungeanza saa fulani. Kiingereza, kwa kutumia nomino tupu, hakikumwambia msomaji wake jambo hilo. Kiswahili chaweza kumwambia kwa silabi moja. Huu ndio mfano wetu bora wa mahali ambapo tafsiri yaweza kuwa wazi kuliko asili yake, mradi mtunga programu akubali kutenganisha mafungu hayo mawili katika faili.

Vivyo hivyo lile swali la kwanza la programu, la kuruka au kuigiza. Mfasiri akiandika ‘Ruka’, amempa amri mtu aliye ofisini kwake. ‘Safari ya kweli’ na ‘Mwigo’ ni lebo zinazosomeka vema mahali popote. Na yale maagizo ya mkono: mwenye kishikwambi hugusa kioo kwa kidole, mwenye kompyuta ya mezani hubofya kipanya. Mfasiri aliyeandika ‘gusa’ kila mahali atamfanya mtumiaji wa mezani apake skrini alama za vidole bure. Kitenzi ‘chagua’ chawafaa wote wawili, kwa kuwa chataja nia ya mtu badala ya kiungo chake.

KWA NINI TUJISUMBUE

Yupo atakayeuliza faida ya haya yote, ikiwa mazungumzo ya redio kati ya marubani na waongozaji wa ndege katika safari za kimataifa hufanywa hasa kwa Kiingereza. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina lugha sita za kazi, na Kiswahili hakimo. Tena kanuni za ustadi wa lugha zilizoanza kutumika mwaka 2008 zimeukaza zaidi uzi huo. Hatuna ugomvi na kanuni hizo, maana usalama wadai sauti moja angani.

Lakini redio ni sehemu moja tu ya kazi, na kuhama kwa programu kutoka ndegeni hadi mezani kwatuonyesha sehemu nyingine. Mezani hakuna kanuni inayotuzuia. Mezani ndipo mwalimu anapomweleza mwanafunzi pembetatu ya upepo, ndipo mganga wa wilaya anapopanga ndege ya dawa pamoja na mwenye ndege, ndipo ofisa anapoandika ripoti ya ajali itakayosomwa na wafiwa na kusikilizwa mahakamani. Ripoti hiyo ikisema kwamba ndege ‘iliacha mwelekeo wake’, wafiwa wana haki ya kujua kama rubani aliigeuza pua vibaya, au kama upepo ulimsukuma nje ya majira naye asijue. Katika kosa la kwanza huenda lawama ni yake. Katika la pili huenda aliyekosea ni aliyempa utabiri, au aliyempangia safari. Lugha isiyotenganisha mambo hayo yaweza kumtwika mtu lawama isiyo yake.

RAI YETU

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, orodha za istilahi za fani zenye vyombo na hatari zipangwe kwa dhana, kila dhana na maelezo yake ya Kiswahili pamoja na mahali inapotumika, na neno la Kiingereza liwe kielekezi tu. Pili, mfasiri wa programu asikubali kufanya kazi kwa faili peke yake. Aifungue programu mezani, aiigize safari nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na pale anapokuta neno moja likitumika kwa mambo mawili amwandikie mtunga programu amtengenezee muktadha. Katika programu za leseni huru mlango huo uko wazi kwa kila mtu. Tatu, istilahi tulizozipendekeza hapa, yaani majira, uelekeo wa pua, mapito, uelekeo wa lengo, nukta ya njia, mwinuko na kimo, zijaribiwe na walimu pamoja na marubani wazungumzao Kiswahili kabla ya kusanifiwa. Tutayapokea maoni yao kwa shukrani, hasa ya wale watakaotuonyesha kwamba mabaharia wetu walikuwa na neno lililo bora zaidi.